Nyasi za Edgbaston na mapigo yaliyodhaniwa yamekufa

Jumapili ya tarehe 20 Juni 2021, katika klabu ya Edgbaston Priory jijini Birmingham, Ons Jabeur wa Tunisia alimfunga Mrusi Daria Kasatkina 7-5, 6-4 na kuwa mwanamke wa kwanza Mwarabu kutwaa taji la WTA, mzunguko wa wanawake wa kulipwa. Walikuwa na deni la zamani: mwaka 2018 kule Moscow, Kasatkina alimtoa mkononi taji kama hilo baada ya Jabeur kuchukua seti ya kwanza. Habari ya ushindi ilipokelewa kwa shangwe kutoka Tunis hadi kwetu huku kusini, na ilistahili. Ila shangwe ya bendera ilifunika jambo jingine ambalo kwa mpenzi wa tenisi lina uzito uleule.

Jabeur si mtu wa mabavu. Anaukata mpira chini hadi utambae, anaudondosha nyuma tu ya wavu wakati mpinzani yuko mbali, anapiga moja la kasi na moja la taratibu mpaka mtu asijue asimame wapi. Kwa zaidi ya miaka ishirini makocha walikuwa wakiwaambia watoto kwamba hayo ni madoido ya kizamani. Mtoto alifundishwa kusimama nyuma, kushika raketi kwa mikono miwili upande wa kushoto, na kupiga kwa nguvu zote hadi mmoja achoke. Mtunisia akaja na sanduku la babu, akafungua, akashinda.

Mitindo ya tenisi haiji kwa sababu wachezaji wamechoka na mtindo wa zamani. Inaletwa na ardhi wanayoikanyaga na kifaa walichoshika, na mtu mwenye kipaji hufanya kile ambacho ardhi na kifaa vinamruhusu. Sijui mji unaoonyesha hili vizuri kuliko Birmingham, kwa kuwa mchezo wenyewe ulianza huko kwenye bustani ya mtu, na tangu hapo kila mtindo umepita katika mtaa huohuo mmoja.

Wengi wetu Birmingham tunaijua kwa mengine. Ni mji ambako Ferdinand Omanyala alichukua dhahabu ya mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, na ambako Alphonce Simbu alileta Tanzania fedha ya marathoni nyuma ya Mganda Victor Kiplangat, ambaye alipotea njia karibu na mwisho na bado akashinda. Tenisi haikuwamo katika michezo ile. Imewahi kuingizwa mara moja tu, Delhi mwaka 2010. Ni ajabu kidogo kwa mji huu.

Karne ya 19 Birmingham ilikuwa mji wa vyuma: bunduki, vifungo, nibu za kalamu, vito, na moshi wa vyote hivyo. Edgbaston, kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, ilikuwa ardhi ya ukoo wa Calthorpe, na ukoo huo haukutaka viwanda kwenye milki yake. Wenye viwanda waliotajirika kwa moshi wa upande wa pili wakaenda kujenga huko nyumba zenye bustani pana. Bustani zilihitaji nyasi fupi zilizo sawasawa, na hilo liliwezekana kwa sababu Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire, alikuwa amebuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya fyekeo na ya kondoo, na kondoo hawajui kusawazisha. Kikaja kitu cha pili, raba iliyopikwa na salfa. Charles Goodyear alipata hataza ya upishi huo Marekani mwaka 1844. Tenisi ya zamani, ile ya wafalme, ilichezwa ndani ya kuta juu ya sakafu ngumu, kwa mpira uliojazwa vitambaa ambao ungeangushwa kwenye majani ungelala hapohapo. Mpira wa raba uliweza kuruka juu ya nyasi.

Kwa hiyo wakati Harry Gem, mwanasheria aliyekuwa karani wa mahakimu wa mji, na rafiki yake Augurio Perera, mfanyabiashara mwenye asili ya Hispania, walipoanza kupigiana mpira kwenye nyasi za nyumba ya Perera barabara ya Ampton, walikuwa na kila walichohitaji. Wanahistoria huweka majaribio yao kati ya 1859 na 1865. Nyumba ipo, na ukutani kuna kibao cha kumbukumbu. Mwaka 1872 marafiki hao walikuwa wamehamia Leamington Spa, mji mdogo wa jirani, na pamoja na madaktari wawili wa huko wakaunda klabu inayotajwa kuwa ya kwanza duniani ya tenisi ya nyasi. Meja Walter Clopton Wingfield ndiye aliyepata hataza ya mchezo mwaka 1874 na kuuza seti zake ndani ya masanduku, na kwa muda mrefu sifa zote zikawa zake. Gem na Perera walicheza tu. Hawakuwa na cha kuuza.

Mwaka 1877 Wimbledon ilifanya mashindano yake ya kwanza. Waliingia wanaume 22. Vipimo vya uwanja vilivyowekwa mwaka huo, mita 23.77 kwa 8.23, ndivyo vinavyotumika leo Dar es Salaam, Nairobi na New York. Msomaji asilisahau hilo, maana kila kitu kingine katika habari hii kimebadilika isipokuwa hicho.

Wavu nao ulikuwa mrefu mno pembeni: zaidi ya mita moja na nusu kwenye nguzo, na chini ya mita moja katikati. Spencer Gore, mshindi wa mwaka ule, aligundua kwamba akisogea karibu na wavu anaweza kuupiga mpira kabla haujagusa chini, yaani voli, na mpinzani hana pa kupitishia isipokuwa pale katikati palipoinama. Wenzake walinung'unika kwamba si uungwana. Mwaka uliofuata akatokea Frank Hadow, mkulima mkubwa wa Ceylon aliyekuwa likizo Uingereza, akamrushia mipira juu ya kichwa na kumwacha akikimbia kurudi nyuma. Katika miaka miwili silaha ikapatikana, na dawa yake ikapatikana. Wavu ukashushwa hatua kwa hatua hadi kimo tunachokijua leo, na William Renshaw, aliyeshinda Wimbledon mara saba kati ya 1881 na 1889, akafanya kuupiga mpira wa juu kwa nguvu kuelekea chini kuwa jambo la kutisha.

Wanawake waliruhusiwa Wimbledon mwaka 1884, na bingwa wa kwanza alitoka jirani na Birmingham. Maud Watson alikuwa binti wa kasisi wa kijiji cha Berkswell. Baba yake alikuwa akiwafundisha hesabu vijana wanaojiandaa na Cambridge, na Maud na dada yake Lilian walijifunza kwa kucheza na vijana hao. Shindano lake la kwanza lilikuwa Edgbaston mwaka 1881, na fainali alimfunga Lilian. Fainali ya Wimbledon akamfunga Lilian tena, 6-8, 6-3, 6-3. Walicheza wamevaa sketi zinazofika vifundoni na koseti iliyobana mbavu, na wanaotafuta sababu za wanawake wa zama zile kutokimbilia wavu wanaweza kuanzia hapo kwenye koseti.

Ninaruka miaka mingi hapa, na sioni haya. Kati ya Watson na vita vya pili vya dunia yapo mengi, lakini kifaa kilikuwa kilekile cha mbao, na ardhi ya mashindano makubwa ilikuwa nyasi karibu kote isipokuwa Paris.

Mtu asiyewahi kucheza juu ya nyasi anahitaji kuelezwa zinachofanya. Sehemu kubwa ya viwanja vyetu ni udongo au saruji, ambako mpira unagonga na kupanda hadi kiunoni au begani, nawe una muda wa kujipanga. Kwenye nyasi mpira unateleza. Haupandi, unakuja haraka, na pale ambapo majani yameliwa na viatu unaweza kuruka upande ambao hukuutarajia. Basi mwenye akili anauliza, kwa nini niusubiri ugonge chini? Ndiyo maana baada ya vita Mmarekani Jack Kramer na waliomfuata waliifanya iwe desturi: piga sevu kali, yaani pigo la kuanzisha, kimbia nyuma yake hadi kwenye wavu, malizia kwa voli. Mwaka 1974 mashindano matatu kati ya manne makubwa bado yalichezwa juu ya nyasi, Australia, Wimbledon na Marekani. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila kocha.

Birmingham ilitoa bingwa wa zama hizo ambaye hakufanana nazo sana. Ann Haydon alizaliwa mwaka 1938 Kings Heath, wazazi wake wote wawili wachezaji wa mpira wa meza wa kiwango cha taifa, na yeye akaanzia huko. Mwaka 1957 kule Stockholm alifika fainali tatu za mashindano ya dunia ya mpira wa meza, ya mmoja mmoja, ya wawili wawili na ya mchanganyiko, akapoteza zote tatu. Akageukia tenisi. Mpira wa meza ulimwachia mkono mwepesi na uvumilivu wa kurudisha mpira mmoja zaidi, na ndiyo maana mataji yake makubwa ya mwanzo, 1961 na 1966, aliyapata Paris kwenye udongo mwekundu, mahali pa wavumilivu. Wimbledon ilimkataa kwa miaka. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 30 na akiitwa Ann Jones baada ya kuolewa, alimtoa Margaret Court kwenye nusu fainali baada ya kupoteza seti ya kwanza 12-10, kisha akamfunga Billie Jean King 3-6, 6-3, 6-2. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa mkono wa kushoto kushinda Wimbledon. Uwanja mkuu wa Edgbaston Priory una jina lake.

Na huyo Billie Jean King akaja hapohapo. Mashindano ya wanawake ya Edgbaston yalianza mwaka 1982, na King akayashinda. Akarudi mwaka 1983, akayashinda tena, akiwa na miaka 39. Mpaka leo hakuna mwanamke aliyeshinda taji la mmoja mmoja la WTA akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Alikuwa mtoto halisi wa nyasi: sevu, mbio, voli, na raketi iliyoshikwa kwa namna inayomruhusu apige kila pigo bila kubadilisha mkono. Wiki chache baadaye alifika nusu fainali ya Wimbledon, akakutana na Andrea Jaeger mwenye miaka 18, msichana wa mstari wa nyuma mwenye mikono miwili kwenye raketi. King alipata gemu mbili tu, 6-1, 6-1. Ungesema zama zimepinduka mchana kweupe. Ila kwenye fainali Martina Navratilova, naye wa sevu na voli, alimpa Jaeger 6-0, 6-3. Historia ya michezo ina tabia hii ya kumkatiza mtu anayetaka kuisimulia kwa mstari ulionyooka.

Mwaka 1984 Edgbaston ilipata malkia mpya, Pam Shriver, aliyeshinda mara nne mfululizo hadi 1987. Naye alikuwa wa wavuni. Lakini tazama alichoshika. Mwaka 1978, akiwa na miaka 16, Shriver alifika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani akiwa na raketi ya Prince ambayo watu waliiangalia kwa kicheko. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko cha raketi yoyote waliyoizoea. Aliyeibuni ni Howard Head, mhandisi aliyepata utajiri kwa skii za chuma, akajifunza tenisi mtu mzima na akawa mbovu kweli. Badala ya kutafuta mwalimu akatafuta raketi itakayomsamehe. Hataza yake ni ya mwaka 1976.

Raketi ya mbao, mfano ile Maxply ambayo Dunlop waliitoa mwaka 1931 na ambayo Rod Laver na John McEnroe waliitumia, ilikuwa na uso wa sentimita za mraba 420 hivi. (Dunlop hao ndio waliojenga Fort Dunlop, kiwanda cha matairi ambacho jengo lake bado unaliona upande wa Erdington ukipita barabara kuu ya M6. Sasa ni ofisi, maduka na hoteli.) Raketi ya Head ilifika sentimita za mraba 700. Mbao haziwezi kutanuliwa hivyo bila kupinda, kwa hiyo ikaja aluminiamu, kisha grafaiti, nyuzi za kaboni zilizogandishwa, nyepesi na ngumu. Leo wachezaji wengi wanatumia uso wa sentimita 630 hivi na uzito uliopungua kwa gramu hamsini au zaidi.

Wengi wanadhani faida ya raketi mpya ilikuwa nguvu. Nguvu ilikuwapo, lakini kilichobadilisha mchezo ni mzunguko wa mpira. Ukiwa na uso mwembamba wa mbao, kuusugua mpira kutoka chini kwenda juu ni kujitafutia aibu, kwani utaugonga kwa fremu. Ukiwa na uso mpana unaweza kuukwangua kwa kasi kubwa. Mpira unaoviringika hivyo unapita juu sana ya wavu, kisha unazama ghafla ndani ya mstari. Sasa piga kwa nguvu zote, utaingia. Björn Borg aliyafanya haya kwa raketi ya mbao iliyokazwa nyuzi kupita kiasi na akachukua Wimbledon tano mfululizo, 1976 hadi 1980, lakini huyo alikuwa peke yake. Raketi mpya ilimfanya kila kijana wa kawaida awe na robo ya Borg mkononi.

Kilichobaki kilimaliziwa na nyuzi. Zamani wachezaji wakubwa walitumia nyuzi za utumbo wa ng'ombe, laini na za gharama. Mwaka 1997 Mbrazili Gustavo Kuerten, ambaye hakuna aliyemtarajia, alishinda Paris akiwa na nyuzi za poliesta za Luxilon, kampuni ya Ubelgiji. Ni nyuzi ngumu na zinazoteleza: zinavutwa na mpira, kisha zinarudi mahali pake kwa kishindo na kuuzungusha zaidi. Vipimo vya video vilionyesha kwamba pigo la mkono wa mbele la Pete Sampras na Andre Agassi lilizungusha mpira kama mara 1,800 au 1,900 kwa dakika. La Rafael Nadal lilikuwa na wastani wa 3,200. Fikiria sasa uko kwenye wavu na mpira wa namna hiyo unakuja, juu unapotoka kwake, miguuni unapokufikia. Voli inapigwa kutoka wapi?

Ardhi nayo ikahama. Marekani waliacha nyasi mwaka 1975, Australia mwaka 1988. Wimbledon wenyewe, baada ya malalamiko ya miaka ya 1990 kwamba wanaume wanapigiana sevu na hakuna mchezo, walibadilisha mbegu mwaka 2001. Awali ilikuwa asilimia 70 ya nyasi aina ya rai na 30 ya feskyu. Sasa ni rai tupu, juu ya udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu. Walisema ni kwa ajili ya uimara wa uwanja. Sina sababu ya kubisha, lakini matokeo yake ni kwamba mpira ulianza kupanda juu zaidi. Mwaka 2001 fainali ya wanaume ilikuwa Ivanišević na Rafter, watu wawili waliokimbilia wavu kama wamekopesha pesa upande wa pili. Mwaka 2002 ilikuwa Hewitt na Nalbandian, wote wa nyuma. Kwa mwaka mmoja.

Juni 2004 Edgbaston iliona jinsi zama mpya zinavyoonekana kwa wanawake. Maria Sharapova, miaka 17, mrefu, mikono miwili, mpira uliopigwa sawasawa na kwa hasira kutoka mstari wa nyuma, alishinda Birmingham, na kabla wiki nne hazijaisha alikuwa amemshinda Serena Williams 6-1, 6-4 katika fainali ya Wimbledon. Akarudi na kushinda Birmingham mwaka 2005 pia. Kuanzia hapo kila chuo cha tenisi kuanzia Florida hadi Moscow kikawa kinamtafuta Sharapova wake. Nikiri upande wangu: kipindi kilichofuata kwa wanawake, na cha wanaume kwa kiasi, kilinichosha. Wachezaji walikuwa hodari kuliko wote waliotangulia, wenye mapafu na misuli ambayo Maud Watson asingeiamini, lakini ungezima sauti ya televisheni na kufunika majina usingejua nani ni nani.

Dawa ilikuwa imeshaandikwa siku nyingi, na aliyeiandika alipita kwetu. Arthur Ashe alizuru Afrika mwaka 1970 pamoja na Stan Smith, wakacheza Kenya, Uganda na Tanzania miongoni mwa nchi nyingine. Miaka mitano baadaye, kwenye fainali ya Wimbledon, alimkuta Jimmy Connors, kijana aliyepiga mpira kwa nguvu kuliko mtu yeyote wa wakati ule. Ashe mwenyewe alikuwa mpigaji mkali. Siku hiyo aliacha nguvu zake chumba cha kubadilishia nguo, akampa Connors mipira myepesi, mifupi, ya chini, isiyo na kasi yoyote ya kuazima. 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Anayeishi kwa kurudisha nguvu za mwenzake hana cha kufanya akinyimwa nguvu hizo.

Kanuni hiyo ndiyo iliyorudi Birmingham. Mchezaji wa leo ameshika raketi kwa mshiko uliogeuzwa sana ili aukwangue mpira uliopanda. Mpira uliokatwa, ambao kwenye nyasi unabaki kwenye vifundo vya miguu, unamlazimisha apinde magoti na kuhamia mshiko asiouzoea. Tena anasimama mita tatu nyuma ya mstari, na yule mwenye mkono mwepesi ana uwanja mzima mbele wa kudondoshea. Kadiri nguvu zilivyowasukuma watu nyuma, ndivyo pigo dogo la mbele lilivyopanda bei. Mwaka 2019 Ashleigh Barty wa Australia, mwenye bekihendi (pigo la upande wa nyuma wa mkono) ya kukata, kali kama kisu cha mchinjaji, alishinda Edgbaston na kwa ushindi huo akawa namba moja wa dunia, Mwaustralia wa kwanza mwanamke tangu Evonne Goolagong mwaka 1976. Mashindano yaliyofuata hapo, baada ya mwaka uliofutwa na korona, yalikuwa ya Jabeur. Naye akafika fainali ya Wimbledon mwaka 2022, na tena 2023.

Kwa wanaume mji una mtu wake. Dan Evans, mzaliwa wa Birmingham, baba fundi umeme na mama muuguzi, ni mfupi kwa viwango vya sasa na bekihendi yake ni ya mkono mmoja, mara nyingi ya kukata. Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya viwango ianze mwaka 1973, hakukuwa na mwanamume hata mmoja wa bekihendi ya mkono mmoja ndani ya kumi bora. Evans hakuwahi kufika kumi bora. Alifika nafasi ya 21 mwaka 2023. Lakini Aprili 2021 Monte Carlo, kwenye udongo, si kwenye nyasi, alimfunga Novak Djokovic, wakati huo namba moja wa dunia, 6-4, 7-5. Na mwaka 2024 New York, akiwa na miaka 34, alikuwa nyuma 0-4 katika seti ya tano dhidi ya Karen Khachanov na akashinda baada ya saa tano na dakika 35, mechi ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano yale. Watu humwita mchezaji wa kizamani. Sidhani. Mchezaji wa kizamani angekuwa kwenye wavu. Evans anatumia mkato kama kazi ya kuwachelewesha wenye nguvu, na kazi hiyo isingekuwapo kama wenye nguvu wasingezaliwa.

Na sisi je? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unapaa na kupanda. Mtoto anayejifunzia hapo kwenye korti ya udongo anafundishwa na ardhi yenyewe kuviringisha mpira ili ubaki ndani, na hilo ni sawa kabisa. Angella Okutoyi alikulia huko, akilelewa na bibi yake. Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya chipukizi ya Grand Slam, yale mashindano makubwa manne, kule Australia. Julai mwaka huohuo, juu ya nyasi za Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda taji la wasichana la wawili wawili, 3-6, 6-4 na 11-9 katika gemu ya mwisho ya uamuzi, dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko huyo, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, ndiye aliyeshinda mashindano makubwa ya Montreal mwaka 2025. Okutoyi akaongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra, Machi 2024.

Taji hilo la Wimbledon lilikuwa la wawili wawili, na mchezo wa wawili wawili ndiyo shule iliyobaki ya voli. Makocha wetu wengi huuchukulia kama mapumziko ya jioni baada ya kazi ya kweli. Ningekuwa na kauli katika chama chochote cha tenisi cha ukanda huu, ningelazimisha kila mtoto wa miaka kumi acheze wawili wawili mara mbili kwa wiki na kupigwa marufuku kusimama nyuma ya mstari.

Nafasi yenyewe imesogea karibu, kwa njia ya ajabu. Mwaka 2025 mashindano makuu ya wanawake ya wiki za nyasi yalipelekwa London, Queen's Club, na Birmingham ikashushwa daraja. Aliyeshinda Queen's mwaka huo alikuwa Tatjana Maria wa Ujerumani, mama wa watoto wawili, miaka 37, aliyetokea raundi za mchujo na anayekata mpira pande zote mbili. Huko Edgbaston Priory sasa kunachezwa mashindano ya ngazi ya pili ya wanaume na ya wanawake kwa pamoja. Wenyeji wamesikitika, na nawaelewa. Lakini katika ngazi hiyo hukuti kumi bora wa dunia wakijaza orodha. Unakuta watu wanaopigania kuingia mia moja bora, na mchujo wake unaweza kufikiwa na mchezaji aliyeokoteza pointi zake Nairobi, Monastir na Lagos. Okutoyi bado ana kazi ya kufika hata hapo. Mbinu za kumfaa akifika zinaweza kufundishwa kuanzia sasa, hata kwenye udongo.